Sauti ya Mutembei Juu ya Msitu

...na ndege inageuka tena, si iende zake tu, irudi Embu ilikotoka, anawaza Karambu, jembe limekwama kwenye mzizi na yeye amelishika tu, mikono imekufa ganzi, ndege ndogo ya serikali iliyofungwa kipaza sauti tumboni, na sauti inayotoka humo ni ya Mutembei, kifungua mimba wake, inawaambia watu wa msituni wanaopigana na serikali, kwa Kimeru, watoke na matawi mabichi mikononi, hawatapigwa risasi, watapewa chakula, na wanawake wote wanaochimba handaki la kuufungia msitu wameinua vichwa, hapo ndipo Salesio, homgadi, mlinzi wa serikali hapo kijijini, koti la jeshi limemfika magotini kama gauni la bibi yake, anapata la kusema, "Mama Mutembei! Chimba! Hiyo ndege haitakuchimbia," na wengine wanacheka kicheko cha watu wenye njaa, Ednah jirani yake ananong'ona, "Si huyo ni kijana yako? Sasa anaongea huko juu kama malaika," na Karambu anajibu, "Ni yeye," basi, kwa maana aongeze nini, aseme kwamba hivyo ndivyo mwanawe anavyolipia masomo... leseni, neno hilo alikuja nalo Krismasi ile kabla mdogo wake hajaingia msituni, leseni ya rubani, Mama, ya kuruka peke yangu bila mzungu pembeni, na yeye akauliza itakula ng'ombe wangapi, Mutembei akacheka, ng'ombe wa ukoo mzima hawatoshi, wanaojifunza Nairobi ni watoto wa matajiri, lakini mimi nimepata njia ya maskini, naosha ndege, natia mafuta, nazungusha propela kwa mkono, na rubani ananifundisha, akaketi kwenye kigoda karibu na mafiga, mwiko ukawa usukani, vifuniko viwili vya sufuria vikawa vya kukanyagia, unaona, Mama, unavuta polepole, pua inainuka, ukivuta kwa pupa inachoka hewani inaanguka, na Kiogora mdogo wake nyuma yake akajifanya abiria anayetapika, wakacheka mpaka kibuyu cha ucuru kikapinduka, uji wote majivuni, akawafukuza kwa ule mwiko wenyewe, watu wazima wale, mmoja ana ndevu...

"Kiogora wa Mbaka," inasema sauti, hata marehemu mumewe Mbaka hawamwachi alale, "Kiogora wa Mbaka, kama unanisikia," hakusikii, mwanangu, hasikii, yuko hapo ng'ambo ya handaki, chini ya mianzi, mama yake alimfukia mwenyewe, alikuwa amempelekea ucuru akiuficha chini ya mzigo wa kuni akamkuta mguu umevimba, unanuka, mwili unawaka, akamnywesha, uji ukatoka pembeni mwa mdomo, akamfuta kwa leso, akamnywesha tena, ukatoka tena, akaendelea kumnywesha mtoto aliyekwisha kufa kwa sababu hakujua kazi nyingine ya kufanya, kisha akachimba, akarudi na kuni zake, Salesio akamwambia amechelewa, akasema ndiyo, nimechelewa.

Hakumwambia mtu, hata Mutembei, na kila Jumapili Mutembei akija anauliza, umesikia lolote, Mama, naye anajibu sijasikia, anageuza sufuria, akijiambia ni kwa ajili ya leseni, mwanamke aliyelisha watu wa msituni akijulikana, mwanawe hataachiwa hata kugusa gurudumu la ndege ya serikali, na mtihani wake u karibu, ndivyo alivyojiambia, lakini moyo haudanganyiki hivyo, ilikuwa hasira, hasira iliyomkaa kooni tangu siku Mutembei alipomfunulia lililobaki la ile njia ya maskini, kwamba ndege ikienda anasema kwenye kipaza sauti na ikirudi anapewa usukani, hapo akamwona mwanawe amemweka ndugu yake mnadani ili ajifunze kuruka, akasema moyoni, haya, mwite, mwite mpaka sauti ikukauke, hukustahili kujua alipolala...

"Mama! Jembe!" Salesio huyo, na Ednah anasema, "Mwache kidogo, anasikiliza mtoto," na kweli anasikiliza, kwa sababu kuna kitu kimebadilika huko juu, maneno ya serikali yameisha, matawi mabichi yameisha, mngurumo mtupu, kisha, "Kiogora, ni mimi. Mama amezeeka. Anasema hajasikia lolote lakini anakonda. Wameniambia hawatakufanya kitu, niliwauliza kila siku mpaka wakachoka na mimi. Toka hata usiku, njoo kwangu Embu, usije kwao. Nikipata hiyo leseni wewe ndiye abiria wangu wa kwanza, na ukitapika utapangusa mwenyewe," na sauti inakatika, mtu amemnyang'anya kipaza sauti au imemkatika yenyewe, wanawake wameegemea majembe, hata Salesio amevua kofia anajikuna kichwa, na Karambu anaona, Mungu wangu, anaona jinsi alivyokuwa mjinga, hakuwa anamuuza, alikuwa anamtafuta, alikubali kazi ile kwa sababu ndiyo pekee iliyomfikisha juu ya msitu, na mimi nimemwacha azunguke huko akiangalia chini, kila moshi anadhani ni ndugu yake anapika, mimi mama yake, nimemwacha... Jumapili nitamwambia, lazima nimwambie, nitamkalisha kwenye kigoda na nitasema, Mutembei, acha kuita, na ataniuliza lini, na nikimwambia lini atahesabu Jumapili zote, halafu siku ya mtihani atakaa kwenye ndege peke yake, bila mzungu, bila ndugu, atavuta kwa pupa...

Ndege inainamisha bawa upande wa Nkubu, ndio mwendo wa kurudi Embu, sasa anapewa usukani, na Karambu, aliyetaka iondoke tangu asubuhi, anaachia jembe, ngoja, anasema, kwa sauti au moyoni hajui, usiende, geuka, mwite mara moja tena tu, kwa sababu huku chini ni yeye peke yake anayejua, na akishasema Jumapili basi, lakini pale juu, mdomoni mwa kaka yake, Kiogora bado ni mzima, amejificha tu, mkaidi, anakataa kutoka.