Karanga za Mfuko wa Kushoto

Hakuwa na glavu. Hakuwa na bomba la maji pale karakana, wala sabuni, wala chumba cha kubadilishia nguo, wala mtu wa kumwambia kwamba anavihitaji. Kwa miaka thelathini Mzee Betri alipasua betri chakavu za magari, akayeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani, akarudi nyumbani na ovaroli lilelile, vumbi limeganda hadi kwenye mishono.

Mjukuu wake wa miaka mitatu alimsubiri mlangoni kila jioni.

"Babu, toa!"

Mzee alimsogezea mfuko wa kushoto wa ovaroli. Mtoto akachimbua karanga mojamoja, akala, akalamba vidole. Mzee akajiona mfalme.

Kisha tumbo likaanza kumsokota mtoto. Maneno aliyokwisha kuyajua yakampotea: "maji" ikabaki "ma", halafu kidole tu. Bibi yake akasema ni macho ya watu. Binti yao, mama wa mtoto, akaja kutoka mjini anakoshona nguo, wakaenda zahanati, damu ikapimwa. Ilikuwa na risasi.

"Mimi nimeivuta miaka thelathini, mbona sijafa?" mzee akauliza.

"Babu, wewe gogo, huyu mche," muuguzi akajibu. "Na vumbi hilo halibaki karakana. Kuna chochote alichokula mkononi mwako?"

"Hakuna."

Binti akaondoka na mwanawe. Mzee akamwendea tajiri wake kuomba bomba na mahali pa kuvulia nguo.

"Bafu? Kesho utadai na taulo! Kama kazi imekushinda, sema."

Wenzake wakacheka. Tangu siku hiyo akawa anavua ovaroli nyuma ya choo na kuliacha hukohuko, akioga kwa maji ya dumu.

Miezi minne baadaye binti akaandika: jirani anayemlea mtoto anahama. "Baba, nimlete Jumamosi?"

"Mwambie amlete," mkewe akasema. "Nimesugua mpaka kucha zimeisha. Nyumba imekufa, mume wangu."

Mzee akalowesha kitambaa cheupe, akapiga magoti, akafuta mvunguni mwa kitanda cha mtoto. Kikatoka kijivu. Akakisuuza, akafuta pale mlangoni. Kijivu.

"Ni vumbi la barabarani tu," mkewe akasema.

"Haya, nionyeshe lipi la barabarani na lipi langu."

Mzee akanawa mikono mara tatu, akaandika:

"Mwanangu, usimlete, hadi watu wa afya waje waipime nyumba kama ina risasi. Karanga nilimpa mimi, kutoka mfuko wa ovaroli. Muuguzi aliponiuliza, nilidanganya. Nitakuja mwenyewe, kwa nguo mpya. Akiwa amenisahau, usimlazimishe."

Akainua bahasha ailambe. "Mtoto ataishika hii," mkewe akasema, akaipokonya, akalowesha gundi kwa tone la maji safi, akaibana kwa kidole gumba. Asubuhi akaipeleka posta yeye, mzee akibaki mlangoni, mikono nyuma.