Siku Tuntufye Aliposahau Kupiga Yowe

Haya ni kweli tupu. Naapa mbele za Kyala, Mungu wetu, na mbele ya wachungaji wote wa Makwale, na anayebisha aje anitazame usoni: habari hii sijaitia chumvi hata ya kutosha yai moja.

Yupo mzee hapa hapa Makwale, Hezroni, mkulima wa mpunga na kakao, na mkewe anaitwa Tuntufye. Kila msimu wa kupandikiza mpunga, wakirudi kutoka jarubani, Tuntufye hukaa juu ya kinu kilichopinduliwa, naye mzee huchuchumaa mbele yake na kopo la maji na majivu kiganjani, akamwosha miguu na kumbandua ruba. Ruba wa kwetu si wa mchezo. Kuna mmoja alimfyonza ng'ombe wa jirani zikabaki pembe na mkia. Basi kila ruba alipobanduliwa, Tuntufye alipiga yowe lililosikika hadi kijiji cha Ngonga, akamchapa mumewe begani kwa kanga, mzee akacheka hadi kukohoa. Maneno mengine ya mapenzi hawakuwa nayo. Watoto walikua, wakahamia Mbeya mjini, yowe likabaki.

Jioni moja ya masika mzee akabandua ruba katikati ya vidole. Kimya. Akabandua mwingine. Tuntufye anaendelea tu na habari zake.

"Sasa Gloria naye, na sauti yake ile ya bata, eti anataka kuongoza kwaya! Nikamwambia mama mchungaji, tukimpa huyu, waumini watahamia kanisa la Talatala."

Mzee akaugeuza wayo. Kipande cha chupa kilikuwa kimezama kisiginoni, kimetulia kama kilizaliwa humo. Akakigusa. Akakisukuma kidogo kwa kidole gumba.

"Mama Jubilate, miguu inauma leo?"

"Iume nini? Osha, baba, giza linaingia."

Hezroni akaondoa kidole. Anyosisye, kaka yake, alianza hivyo hivyo. Alikanyaga kaa la moto jikoni, akasikia harufu ya nyama kabla ya kusikia maumivu. Wakamkata vidole, wakamkata wayo, wakapanda hadi gotini. Mguu wakauzika nyuma ya migomba, na kabla mvua za mwaka ule hazijakatika, mwenyewe akaufuata.

Hezroni alichomoa kile kipande, akafunga kitambaa, akasema ni mkwaruzo. Tangu hapo hofu ikahamia kwao, ikawa inakula nao sahani moja. Asubuhi alimdondoshea mkewe tone la chai ya moto mguuni, akajidai mkono umetetemeka. Hakushtuka. Akampitishia unyoya wa kuku kwenye wayo. Hakucheka. Akisikia mkewe anavyoburuta mguu uani, anachungulia dirishani. Alitaka kusema, lakini aliona kama akisema tu, msumeno utakuwa umekwishaanza kazi.

Mchana mmoja Tuntufye alijinyoosha mkekani, kando ya kakao iliyoanikwa. Mzee alimsubiri asinzie, akapiga magoti, akasogeza pua kwenye kile kitambaa. Alitaka kujua kama nyama imeanza kuoza. Kakao iliyochachuka nayo ina harufu kali. Hakuweza kutenganisha kipi ni kipi, na kila alipovuta pumzi alimwona Anyosisye.

"Gwe Hezroni! Unaninusa kama mbwa aliyepotelewa na mfupa?"

"Nanusa kakao."

"Kakao imehamia kisiginoni?"

Mzee akainua uso, naye Tuntufye alipoyaona yale macho akaacha kucheka.

"Kumbe uliona," akasema. "Siku ile niliyosahau kupiga yowe."

"Uliyosahau?"

"Mguu huu siusikii tangu mavuno ya mwaka jana, baba. Nilikuwa natazama mkono wako. Ukivuta, napiga yowe. Ulikuwa unacheka vizuri mno, ningekunyimaje? Siku ile Gloria na kwaya yake wakanichukua akili."

Hezroni akakaa chini kwenye kakao, mzima mzima. Tangu mavuno! Kumbe siku zote hizo alikuwa akiosha mguu ulioanza kuondoka, naye anacheka.

Kesho yake bodaboda ikawapeleka kituo cha afya. Sukari ilikuwa juu sana. Nesi alipofungua kitambaa alikunja uso.

"Dawa kila siku, na kidonda kisafishwe kila wiki hapa hapa," akasema. "Mkichelewa tena, mguu unakatwa. Na hata sasa sitawaahidi kitu."

Hezroni wala hakuyumba. Alikuwa ameingia kifua mbele, akaushika mguu wa mkewe kwa mikono miwili, akakikazia kidonda macho bila kupepesa, mpaka nesi akamwomba aje wafanye kazi pamoja...

"Ishia hapo," akasema Tuntufye.

Nilikuwa namsomea haya barazani, naye anachagua mchele. Akauweka ungo chini.

"Hezroni gani huyo aliyeingia?"

"Yule mzee wa..."

"Hezroni ni wewe, Baba Jubilate, na hukuingia. Ulibaki nje na kandambili zangu kifuani, umefumba macho, unaimba nyimbo za mazishi. Wagonjwa wakadhani nimekufa. Mmoja alikupa pole ya msiba, akaingia ndani, akanikuta niko hai!"

Nikakohoa. Nikasema mwandishi ana ruhusa zake.

"Hizo ruhusa utazilipia. Ijumaa nasafishwa. Unaingia, unashika mguu, macho wazi." Akaokota chuya moja, akaitupia kuku. "Kumbe uliogopa hivyo?"

"Bado naogopa."

"Mimi pia. Ndiyo maana nataka uingie."

Ijumaa nikalipa. Niliuweka mguu wake mapajani mwangu. Ulikuwa baridi kama chungu cha Wakisi kabla hakijaonja moto. Nesi akaikunjua bandeji taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, na Tuntufye akanishika sikio asije akanipoteza.

"Mzee," nesi akasema, "tazama hapa."

Nikatazama, macho wazi.