Chembe Mama

Mpaka leo nikisikia daktari anataja neno "mama", kichwa kinaniuma.

Mwaka 1992 mwanangu Rwezaura alilazwa, midomo imempauka, fizi zinavuja damu. Daktari Cassian alituita mimi, mume wangu Anatory na mama mkwe, Ma Kokugonza, akatueleza vizuri tu. Ndani ya mifupa kuna uboho, na humo kuna chembe mama zinazozaa damu. Zipo protini zinazoziamuru: hii ijizae upya ibaki mama, ile igeuke damu. Ni kama shambani, migomba ikizaa, lazima chipukizi moja liachwe lirithi shina. Kwa Rwezaura amri zilivurugika, chembe karibu zote zikageuka, uboho ukabaki mtupu. Aongezwe damu leo hii, dawa zifuate. Damu yangu ilipimwa, haikuoana na yake. Ya Anatory ilioana.

"Chembe mama," akasema Ma Kokugonza. "Umesikia, Anatory. Ubovu ni wa upande wa mama. Ndugu zake waje kutoka Nyakatuntu, watoe wao."

Nyakatuntu kwetu, safari ya siku nzima, na mtoto anahema kwa shida. Mume wangu, mtu mzima na ndevu zake, akaitikia. Daktari akaeleza kwamba hilo ni jina tu. Akaeleza tena. "Mbona hakusema chembe baba?" Anatory akaniuliza, utadhani mimi ndiye niliyezipa majina.

Nilichoka. Nikamfuata daktari kwenye korido. "Daktari, nakuomba, ziite chembe baba, yaishe."

Akanitazama, akashusha pumzi, akarudi ndani. "Wazazi, nilikosea. Zinaitwa chembe baba."

Nikadhani tumemaliza. Ma Kokugonza akajifunga kanga upya. "Ukoo wetu hauna ugonjwa huo. Kama ni chembe baba, basi baba wa huyu mtoto ni mwingine."

Anatory akasimama. "Mama, unataka kusema mimi sina mtoto?" Hakungoja jibu. Alikunja mkono wa shati, akaenda kujilaza kwenye kitanda cha kutolea damu, amenuna.

Jioni damu yake ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye chupa kuingia mkononi mwa Rwezaura, na midomo ya mtoto ikaanza kurudiwa na rangi. Nilifurahi. Anatory akaja kusimama karibu yangu, akisubiri nimshukuru. Sikumshukuru. Kwa ajili ya uhai wa mwanangu hakutoa hata tone. Kwa ajili ya jina lake alijaza chupa.