Mto Uliochorwa kwa Kukisia

Mtunza nyaraka alipewa kazi ya kuingiza ramani za zamani kwenye tufe la dunia la kompyuta, na nyingine akawa anazimalizia nyumbani, mezani pa chakula. Kila ramani aliilaza juu ya picha za setilaiti, akaibana kwa pini penye makutano ya barabara na madaraja, mpaka mistari ya kale ikalingana na ya leo.

Ramani ya kumi na nne ilimtoa jasho. Pembe tatu zilikaa, ya nne ikagoma. Akiuvuta mto, mtaa unapinda. Akiunyoosha mtaa, mto unapanda mlima.

Mama mkwe wake alisimama nyuma yake. Alikuwa mchora ramani kabla ya kustaafu, na tangu ahamie kwao hawakuwa na mengi zaidi ya shikamoo na marahaba.

"Hiyo haitakaa, mwanangu."

"Kwa nini, Mama?"

Akavuta kiti. "Mto huo niliuchora mimi bila kuuona. Nilikuwa mjamzito, mumeo yuko tumboni, miguu imevimba, na wapimaji wameleta vipimo nusunusu. Mkubwa anataka kazi Ijumaa. Nikakisia."

"Na hakuna aliyegundua?"

"Nani? Ramani ikishapigwa muhuri, watu huamini karatasi kuliko macho yao."

Mtunza nyaraka alicheka, kisha akatazama kisanduku cha maelezo kilichokuwa kitupu. Jina la mchoraji lilisomeka wazi chini ya ramani.

"Niandike nini?"

"Kilichotokea. Pembe hii haikupimwa, mchoraji alikisia. Na jina usilifute."

Akaandika. Mama mkwe akayasoma maelezo hayo mara mbili, akashusha pumzi.

"Sasa nionyeshe mto wenyewe uko wapi."

Mkwe wake akalizungusha tufe, akaikuza picha. Mto ulipita nyuma ya karakana ya mbao, mita mia tatu kutoka pale ulipochorwa. Mama akaufuata kwa kidole hadi mwisho.

"Kumbe ni mwembamba hivi."

"Jumamosi twende tukauone."

Walikwenda. Kwenye daraja dogo la waenda kwa miguu mama mkwe alishika ukingo wake, akatazama maji kwa muda mrefu, huku akisimulia mimba ile ilivyomtesa, mambo ambayo hata mwanawe hakuwahi kuyasikia. Seremala mmoja akatoka karakanani akiwa na vumbi la mbao kichwani.

"Mnatafuta nini, mama zangu?"

"Mto," alijibu mama mkwe.

"Si huo hapo?"

"Ndio. Tumeupata."