Jezi Zilizofuliwa Ijumaa

Barua ya kumwachisha kazi Isihaka ilikuwa na mistari minne, na mstari wa tatu ndio uliobeba kosa lake: "amekiuka taratibu za maandalizi ya mchezo." Ilitiwa saini na Mwenyekiti Masoudi, ikagongwa muhuri wa klabu ya Ufuta Rangers ya Ruangwa, na ikamfikia tarehe tatu Oktoba, siku mbili baada ya timu kufungwa mabao matatu kwa sifuri kwenye uwanja wake yenyewe.

Isihaka alikuwa mtunza vifaa. Kwa miaka tisa alikuwa amezifua jezi za klabu hiyo, akazianika, akazikunja kwa kufuata namba, na hakuna mchezaji aliyewahi kuingia uwanjani na soksi isiyo na mwenzake. Taratibu alizodaiwa kuzikiuka hazikutajwa kwenye barua, lakini mjini hapakuwa na asiyezijua. Siku ya Alhamisi, watu wa kamati ya ufundi, kamati ambayo haijawahi kumfundisha mtu kupiga mpira, walikuwa wamezirudisha jezi kutoka safari yao ya kwa mganga zikiwa zimepakwa mafuta ya dawa. Ijumaa asubuhi Isihaka alizitia zote kwenye beseni, akazifua kwa sabuni ya unga, akazisuuza kwa maji mawili. Jumamosi timu iliingia uwanjani inang'aa, na ikatoka imeinamisha vichwa.

Alirudi kwake Kiegei, kwa mkewe Ashura, akakaa kungoja. Alingoja kwa sababu Masoudi mwenyewe alimshika mkono siku ile ya barua na kumwambia, "Usiwe na haraka, mdogo wangu. Mnada wa korosho ukipita tutakaa kama ndugu, tutayamaliza." Isihaka aliamini kwamba mtu aliyeambiwa na mkubwa wake asubiri, naye akakimbilia kushitaki, ni mtu asiyelelewa. Mnada wa kwanza ukapita. Masoudi akasema wa pili. Wa pili nao ukapita, akasema kuna msiba Nandagala, si vizuri watu kukaa kikao na matanga hayajaondolewa.

"Huyo anakupiga danadana," Ashura alimwambia, mikono yake imo kwenye ungo wa choroko. "Na wewe unaufuata mpira kwa macho, mume wangu, kama mtu aliyelipa kiingilio."

"Ni mkubwa wangu."

"Ni mkubwa wako, ndiyo. Je, na mtu aliyeandika ile barua, huyo ni nani yako?"

Kwa maneno hayo wakaenda mjini Nachingwea kumwona Valentina, msaidizi wa kisheria, aliyekuwa na meza katika chumba kimoja na duka la kutolea kopi. Alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu, mwenye tabia ya kusoma karatasi mara mbili kabla ya kufungua kinywa. Aliisoma barua mara mbili.

"Ina siku ngapi hii?"

"Leo ya ishirini na nne," alijibu Isihaka.

"Sheria inakupa thelathini tangu ulipoachishwa. Ukizipitisha, utaanza kwanza kuomba ruhusa ya kuchelewa, na utaulizwa ulikuwa wapi."

"Mwenyekiti alisema tutakaa."

"Mwenyekiti anajua kuhesabu, kaka Isihaka."

Ashura alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyeshinda bila kusema neno.

Valentina akaeleza. Kukata rufaa ndani ya klabu kuliwezekana, ila anayesikiliza rufaa ni yule yule aliyesaini barua. Vyombo vya mpira navyo vilikuwepo, lakini vingemfaa zaidi mchezaji au kocha. Mtu wa kufua jezi ni mwajiriwa kama mpishi wa shule, na mgogoro wake huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko ingeitwa klabu ithibitishe kwamba ilikuwa na sababu ya haki na kwamba ilifuata utaratibu wa haki. Si yeye wa kuthibitisha.

"Tume ikiona umeonewa, inaweza kuamuru urudishwe kazini au ulipwe fidia. Wewe unataka nini?"

"Kazi yangu."

"Watu wengi huchukua fidia. Kurudi mahali ulipofukuzwa ni kugumu."

"Fidia haina jezi," alisema Isihaka. Kisha, kwa kuona wanawake wote wawili wanamtazama, akaongeza kwamba kwa barua ile hakuna timu ya mkoa huu itakayompa hata soksi ashike, na kwamba yeye hakusomea kitu kingine.

Valentina aliuchukua mkataba wake, karatasi moja iliyokunjwa mara nne, akapitisha kidole chini ya maneno "kufua, kutunza na kutoa jezi zikiwa safi." Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Nani alikukataza usizifue?"

"Hakuna. Jambo lile halisemwi. Likisemwa linaharibika."

"Basi wamejifunga wenyewe. Mwajiriwa haadhibiwi kwa kanuni asiyoijua. Wao kanuni yao wameifanya siri, na siri haiwezi kuwa kanuni. Ukiulizwa, utajibu tu kwamba hukujua. Si hukujua?"

Isihaka alitazama mashine ya kutolea kopi. Valentina aliudhania ukimya ule kuwa ni uchovu wa safari, akaanza kujaza fomu.

Fomu ilipokelewa ofisi ya Tume, Lindi, siku ya ishirini na nane. Nakala yake Isihaka aliipeleka Ruangwa kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa upande wa pili ulitakiwa usaini kuipokea. Masoudi aliisoma akiwa amesimama mlangoni kwake.

"Mpira hauendi mahakamani, Isihaka. Timu itafungiwa kwa ajili yako."

"Hii si mahakama, Mwenyekiti. Ni meza ya kukaa. Si ulisema tutakaa?"

Masoudi akasaini.

Katikati ya Novemba msuluhishi wa Tume alifika Ruangwa, wakapewa chumba cha kuazima chenye meza ndefu na viti vya plastiki. Aliitwa Evarist, mtu mwembamba, mpole, aliyesema maneno yake kama anayeyapima kwanza. Aliwaeleza kwamba yatakayosemwa pale yatabaki pale. Wakipatana, watasaini. Wasipopatana, shauri litaweza kwenda kwenye uamuzi, ambako mashahidi huapishwa na kila neno huandikwa. Kisha akaisoma barua kwa sauti hadi mstari wa tatu, akamgeukia Masoudi.

"Taratibu gani hizi, Mwenyekiti?"

"Za maandalizi."

"Ndiyo. Zipi?"

"Za... kabla ya mchezo."

"Alifanya nini kabla ya mchezo?"

Masoudi alivuta koti lake. Jasho lilikuwa limemtoka shingoni. "Alifua jezi," alisema hatimaye.

Evarist aliunyanyua mkataba, akausoma, akauweka chini. Hakucheka, ingawa Valentina, aliyekaa kama mwakilishi wa Isihaka, aliinamia kalamu yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mzee wangu, huyu mmemwajiri afue jezi. Mmemfukuza kwa kuzifua."

"Alijua hazipaswi kufuliwa," Masoudi alisema. "Muulize. Muulize kama hakujua."

Valentina hakuwa na wasiwasi; jibu walikuwa nalo tangu Nachingwea. Evarist akageuka taratibu.

"Bwana Isihaka, ulijua?"

Neno "sikujua" lilikuwa karibu, jepesi, na pale hapakuwa na kiapo cha kulizuia. Isihaka aliliona vizuri. Aliona pia kwamba akilisema atarudi stoo kama mtu asiyejua jezi zake, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyokuwa akiidai.

"Nilijua," alisema.

Kalamu ya Valentina ilisimama.

"Hakuniambia mtu. Ila miaka tisa nazinusa zile jezi. Najua harufu ya jasho, najua na harufu isiyo jasho. Nilizishika Ijumaa nikajua."

"Na ukazifua."

"Nikazifua. Mchezo wa kabla ya huo zilipakwa vilevile, nami nikanyamaza. Baada ya mchezo nilikusanya jezi, nikaona mchezaji mmoja mgongo wote umebabuka, ngozi inatoka na nguo. Alinisihi nisiseme, asije akaambiwa ana mkosi. Basi sikusema, nilifua."

"Mchezaji gani?" Masoudi aliuliza haraka.

"Hilo halimo kwenye barua yako, Mwenyekiti. Mimi ndiye niliyefukuzwa, tuzungumze habari zangu."

Evarist aliandika kitu kifupi. Alisema, kwa sauti ile ile ya kupima, kwamba kujua tabia za watu si sawa na kupewa kanuni, na kwamba hata kanuni iliyopewa lazima iwe ya halali na yenye maana. Ikiwa klabu inaona utaratibu ule ni halali, ina haki ya kwenda kwenye uamuzi na kuuthibitisha.

"Mtaleta mashahidi. Watu wa kamati hiyo wataapa, wataeleza yale mafuta ni ya nini na yametoka wapi, na itaandikwa. Mchezaji naye anaweza kuitwa, na daktari. Ni haki yenu kabisa."

Masoudi aliomba dakika tano nje. Alikaa ishirini. Dirishani walimwona akizunguka na simu sikioni, mkono wa pili ukikata hewa.

"Ungesema hukujua tungekuwa tumemaliza," Valentina alinong'ona.

"Najua, dada."

"Sikuwa nimekuuliza vizuri," alisema, na ilikuwa dhahiri kwamba lawama hiyo alijipa mwenyewe.

Masoudi aliporudi, alisema klabu imeona busara. Barua ifutwe, mtu arudi kazini kana kwamba hakutoka, na mishahara ya kipindi chote ilipwe. Yasiandikwe mengi. Evarist aliandika machache, wote wakasaini, na kwa mujibu wa karatasi ile Isihaka alikuwa mtunza vifaa tena kuanzia saa ile.

Nje, Masoudi alimngoja kando ya pikipiki yake.

"Jumamosi tunacheza."

"Najua."

"Kamati watazileta Alhamisi jioni, Isihaka. Siwezi kuwazuia, unawajua."

"Wazilete. Ijumaa nitazifua."

"Tukifungwa tena?"

"Utaandika barua nyingine, Mwenyekiti, na safari hii utataja kosa." Isihaka alinyoosha mkono, kiganja kikiangalia juu. "Ufunguo wa stoo hukaa kwangu. Umo kwenye mkataba."

Masoudi alitoa kishada cha funguo mfukoni. Pete ya kishada ilikuwa ngumu na vidole vyake vinene. Ilimchukua muda kuutoa ule mmoja. Isihaka hakumsaidia, wala hakuushusha mkono.