Upande wa Kulia

Kazi ya Paskalia ilikuwa kusikiliza. Ofisi moja ya utafiti mjini Morogoro ilikuwa ikikusanya habari za maporomoko ya ardhi milimani. Iliwatuma watu na vinasa sauti hadi Mgeta na vitongoji vya juu yake, na sauti walizorudi nazo alipewa yeye azigeuze kuwa maandishi. Alizaliwa hukohuko Mgeta. Msemaji akiacha Kiswahili katikati ya sentensi na kumalizia kwa Kiluguru, Paskalia hakupotea. Alikaa kwenye chumba chake cha Kilakala, kompyuta mbele yake, akisikiliza, akisimamisha, akirudisha nyuma, akiandika. Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Kisha makosa yakaanza. Mwanzoni Janeth, msimamizi wake, aliyasahihisha kimyakimya. Janeth alikuwa mdogo kwake kwa umri na alimheshimu. Lakini ilifika siku akamwita ofisini, akafunga mlango.

"Dada Paskalia, hapa umeandika, 'Mwanangu Andrea alitumwa maji asubuhi ile.'"

"Ndivyo alivyosema yule mama."

"Nimeisikiliza mwenyewe, tena na tena. Anasema alisombwa na maji."

Paskalia aliusoma tena mstari ule.

"Mtoto amekufa, dada. Sisi tumemwandika ametumwa kisimani." Janeth hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomchoma Paskalia. "Una shida gani? Niambie tu."

"Hedifoni zangu zimechoka," alisema Paskalia. Aliamini hivyo. Alikuwa bado anatumia zile ndogo za kuchomeka sikioni zilizokuja na simu, na kwa miezi mingi upande wa kulia ulikuwa umefifia kabisa. "Nitanunua nyingine."

"Nunua nzuri basi. Si lazima za bei mbaya, ila zisiwe za kutandazwa chini barabarani."

Jumamosi alikwenda dukani kwa Evance, kijana aliyeuza vifaa vya kompyuta karibu na soko kuu. Alikuwa amejiandaa. Alitaka za bei ya kati, zitakazodumu, na alichukua sauti ya yule mama kwenye flashi ili azijaribie hiyohiyo.

"Kazi yenyewe ni ipi?" Evance aliuliza. "Maana kuna za muziki, kuna za mikutano, kuna za wacheza gemu."

"Kusikiliza watu wakiongea. Kutwa nzima."

"Basi achana na zisizo na waya. Utachaji mpaka uchoke, na ukibonyeza kurudisha nyuma, sauti inachelewa kidogo. Chukua za waya. Na mtu akikusifia besi, usimsikilize, besi itakuzibia maneno. Wewe unataka sauti ya kati iwe safi." Alishusha maboksi matatu, akayapanga juu ya kaunta. "Ziwe za kufunika sikio lote, sponji yake laini, maana zikibana utaumwa kichwa kabla ya saa sita. Tena nyepesi. Hizi tatu zote ni za kati. Jaribu."

Alichomeka flashi kwenye kompyuta ya duka, akamvalisha Paskalia za kwanza. Sponji ilikuwa laini kweli. Sauti ya mama wa Mgeta ikaingia, lakini upande mmoja tu.

"Hizi kulia hazitoi," alisema Paskalia.

Evance alizivaa mwenyewe, akasikiliza. "Mbona zinatoa? Labda hazikukaa vizuri. Jaribu hizi."

Za pili nazo zilikuwa vilevile. Za tatu, zilizokuwa na maiki ya kukunja, Paskalia alizibonyeza kwa viganja vyote viwili, akaongeza sauti mpaka mteja mwingine aliyekuwa akichagua waya akageuka kumtazama. Upande wa kushoto mama alikuwa akipiga kelele. Upande wa kulia kulikuwa na kitu kama mtu anayeongea nyumba ya tatu.

"Zote mbovu?" aliuliza. Hakujua kwamba anapaza sauti.

Evance alizunguka kaunta. Kisha akazishika zile hedifoni zikiwa bado kichwani kwa Paskalia, akazivua taratibu, akazigeuza, iliyokuwa kushoto ikaenda kulia, akamvalisha tena. Alimtazama usoni.

"Sasa je?"

Paskalia alisikiliza. Kama ubovu ungekuwa wa hedifoni, ungehamia kushoto. Haukuhama. Kulia kulibaki palepale, kimya na mbali.

"Vilevile," alisema.

"Mama," Evance alisema. Mpaka hapo alikuwa hajamwita kwa jina lolote. "Zote nzima."

Alinunua zile za pili, zilizokuwa nyepesi kuliko nyingine. Evance hakutaka kumuuzia, alimwambia aende kwanza akapimwe, lakini Paskalia alisema kazi inamsubiri. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani na boksi kwapani. Njiani alijiziba sikio la kushoto kwa kidole, na mji wote ukaondoka, pikipiki, wauza ndizi, watoto wa shule. Alitoa kidole haraka.

Hospitali alikwenda wiki iliyofuata, peke yake. Daktari aliitwa Catherine. Alimsalimia shikamoo, akamwingiza kwenye kibanda kidogo chenye kuta nene, akamvalisha hedifoni kubwa nyeusi na kumpa kitufe mkononi. Kila atakaposikia mlio, hata ukiwa mdogo namna gani, abonyeze. Wataanza na sikio la kulia.

Paskalia alikaa wima, kidole kikiwa tayari. Alimwona daktari kupitia kioo, ameinama kwenye mashine yake. Alisubiri mlio uanze. Alijizuia hata kupumua kwa nguvu. Baadaye mlango ulifunguliwa na daktari akaingia.

"Hamjaanza?" Paskalia aliuliza.

Daktari Catherine alivuta kiti akakaa upande wake wa kushoto. "La kulia tumemaliza, mama."

Walipima na la kushoto. Huko alibonyeza, lakini hakubonyeza vya kutosha. Daktari alimweleza kwa lugha nyepesi kwamba mishipa ya fahamu ya sikio ndiyo inayokufa, na hiyo ikishakufa hairudi. Hakukuwa na kidonge wala upasuaji wa kuirudisha. Kifaa cha kusaidia kusikia kingemfaa kwa muda kwenye sikio la kushoto, kingekuza sauti, ila kuyatenganisha maneno kisingeweza, na ndilo jambo analolihitaji.

"Na la kushoto litabaki?"

"Limeanza kufuata. Siwezi kukuambia ni lini. Ulianza kuona tatizo lini?"

Paskalia alitaka kusema mwaka huu. Kisha akakumbuka ni tangu zamani alipoacha kupokea simu kwa mkono wa kulia, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Jioni alimwambia mumewe, Severini, aliyekuwa akipokea karoti na kabichi za kutoka Mgeta na kuziuza sokoni. Severini aliacha kula. Walikuwa wamekaa kama kawaida, sahani katikati, yeye upande wa kulia wa mkewe. Kwa miaka kadhaa Paskalia alikuwa na kinyongo naye. Aliona mwanaume amekuwa bubu ndani ya nyumba, tangu binti yao Prisca aende Dodoma kusoma, kana kwamba hakubaki na mtu wa kuzungumza naye. Alikwishamlalamikia hata dada yake.

"Kumbe," alisema Severini. Alihamisha kigoda, akaja kushoto. "Mama Prisca, mimi nilikuwa naongea."

"Unaongea lini?"

"Kila siku. Nikikuuliza kitu huitikii. Nikafikiri umenichoka. Mwishowe nikawa nasema chinichini tu, mwenyewe."

Paskalia aliangalia sahani. Miaka yote hiyo, naye alikuwa na hasira. Alitaka kumuuliza alichokuwa akisema, lakini mtu atayakumbuka vipi maneno ya mezani ya miaka kadhaa?

Aliendelea na kazi kwa muda. Hedifoni zilikuwa nzuri, hakuwa na neno nazo. Hazikubana, na waya wake haukupiga kelele ukigusa meza. Aliongeza sauti mpaka mwisho na bado *s* na *f* zikateleza, na akaanza kuandika kwa kukisia. Siku aliyojikuta amekisia ukurasa mzima, alifunga kompyuta, akaipeleka ofisini.

Janeth alilia kuliko yeye. Alisema wangemtafutia kazi nyingine, hata ya kupanga mafaili. Haikupatikana. Sauti za Mgeta alipewa Wilfred, kijana wa Dumila asiyejua Kiluguru, na palipokuwa na Kiluguru akawa anaweka nukta.

Siku hizi Paskalia anamsaidia mumewe sokoni. Kelele za soko zinamchanganya, kwa hiyo anatazama midomo ya wateja na vidole vyao. Kifaa cha kusikilizia alikipata, akakivaa. Kilimletea kelele nyingi na maneno machache, akakiweka kabatini.

Severini hukaa kushoto wakati wa chakula. Kwa miezi ya mwanzo walizungumza kama wachumba, ya sokoni, ya Prisca, ya mvua za milimani. Usiku wa juzi alisema jambo fulani huku akitabasamu.

"Nini?" Paskalia aliuliza.

Alirudia. Paskalia alisogeza sikio, akatazama mdomo, akapata neno moja la mwisho tu, nalo halikumsaidia.

"Sema tena."

Severini alifungua mdomo, kisha akatikisa kichwa. Alimsogezea bakuli la mchuzi.

"Basi," alisema kwa nguvu, taratibu, ili asikie. "Si kitu."