Mzee Gratien Amekuja Kusomwa

Kufikia saa mbili asubuhi Mukagasana alikuwa amekwisha kupangusa meza ya studio na kujaza chai thermosi mbili. Katika redio hii ndogo ya Kamembe, mtangazaji Vénuste husoma kila siku majina ya wanamuziki waliozaliwa tarehe hiyo. Waliokufa, wakisikia wanatajwa, huja. Huandika majina yao kwenye daftari la wageni, huketi kwenye benchi, hunywa chai. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji huosha vikombe.

Siku hiyo alikuja Gratien, aliyekuwa kiongozi wa orkesta moja ya Bukavu, marehemu kwa miaka tisa sasa. Alivuka daraja la mpakani la Rusizi II kwa miguu, akapanga foleni na wachuuzi wa nyanya kama kawaida. Mukagasana alimtilia sukari vijiko vitatu bila kuuliza. Zamani aliimba katika orkesta yake, na wimbo uliompa Gratien sifa aliutunga yeye, akimenya mihogo kwa mama yake. Kwenye santuri liliandikwa jina la Gratien peke yake.

Vénuste akamwomba mgeni aimbe kidogo. Gratien akashika gitaa, akafungua kinywa, ikatoka sauti ya Mukagasana alipokuwa msichana wa miaka ishirini. Wafu hawawezi kuimba kisicho chao kwa sauti yao wenyewe. Huwa hivyo kila mwaka. Vénuste alipunguza sauti, maana ilikuwa juu mno, akamshukuru Mzee kwa wimbo wake, kisha akasoma tangazo la mbegu za mahindi.

Gratien alipotoka, Mukagasana alimsimamisha mlangoni. Alikuwa amechoka, tena kwa uchovu wa miaka mingi, wala hakuuficha.

"Papa Gratien, rudiya mu studio, useme kama ile wimbo ni yangu."

"Batu banaizoea na jina yangu, Maman. Mwaka ingine nitasema."

Ndivyo alivyosema mwaka jana na mwaka juzi.

Basi Mukagasana akamwendea Vénuste, akamwomba amsome yeye, angali hai. Vénuste ana moyo mzuri. Akakitazama kitambulisho chake. Tarehe mosi Januari. Ndiyo tarehe waliyoandikiwa wengi waliorudi kutoka Kongo bila karatasi, wasiojua siku yao; Vénuste mwenyewe anayo. Na siku hiyo kipindi hakipo, redio ina salamu za mwaka mpya tangu asubuhi hadi jioni. Akamuuliza kama mama yake hakumwambia siku ya kweli. Aliambiwa tu kwamba ilikuwa wakati wa kuvuna maharagwe. Vénuste akasema, kwa huruma, kwamba mavuno hayasomeki.

"Sasa nikisha kufa, nani ataniita?"

Gratien, aliyekuwa bado mlangoni, alinyoosha kikombe chake, akaomba cha mwisho kabla ya daraja.

Mukagasana akamimina, kwa kuwa alikuwa kazini.